Bafta Iliyotoka Nyeupe

Temeke, Alhamisi, baada ya adhuhuri

Mwanangu Mwanaidi,

Unisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Najua utashangaa, mtu anamwandikiaje barua mtoto anayelala chumba cha pili, lakini barua hii ni haki yako tangu wiki tatu zilizopita, tangu siku ile tuliyotoka kwa daktari mjini ukaniuliza njiani, mama, mbona husemi kitu. Nikakwambia jua kali. Halikuwa jua. Tangu hapo kila siku najiambia leo, nikishaepua vitumbua. Kesho, mdogo wako akishalala. Sasa kesho yenyewe ndiyo gari moshi la kukupeleka shule. Wewe na baba yako mmekwenda Kimbiji kumuaga babu, mtarudi magharibi, na mie nimebaki na mtoto mgongoni na kalamu ya baba yako inayovuja. Barua hii nitaitia sandukuni, chini ya shuka. Nitakwambia uifungue ukiwa ndani ya gari, mji ukishapotea, ili usiweze kurudi kuniuliza nikakudanganya tena.

Sikuandikii habari za kufua wala kutandika kitanda. Hayo utafundishwa huko, na walimu wako wanayajua kuliko mie niliyeishia darasa la nne. Nakuandikia habari ya shingo yako.

Usikunje karatasi, mama. Soma.

Ulipovunja ungo nilikuweka ndani kama nilivyowekwa mie, na kama alivyowekwa bibi yako mzaa mie. Mwaka mzima kasoro mwezi mmoja ulikaa kile chumba cha nyuma. Hukutwanga, hukuchota maji, hukutoka juani. Kazi yako ilikuwa kukaa mkekani na kula, na kazi yangu ilikuwa kukulisha, maana mwali akitoka amekonda, anayechekwa ni mama yake. Na mie nilikuwa na langu la zaidi, ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Wewe ulizaliwa wakati wa vita vya pili vya Wazungu. Sukari ilikuwa kwa kibali, na kibali chetu mtu wa duka alikitazama akakirudisha. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nakunyonyesha huku nakunywa uji wa chumvi, na wewe unalia kwa sababu maziwa hayatoki. Nikajiapiza kwamba mtoto huyu, Mungu akinijaalia, hatakunywa uji wa chumvi maisha yake.

Basi ulipokaa ndani nililipa kile kiapo. Uji wako ulikuwa na samli na sukari vijiko vitatu, mpaka kijiko kinasimama. Vitumbua vya kwanza kutoka katika chuma, vile vinavyonyonya mafuta kuliko vyote, vilikuwa vyako. Chai yako nilikuwa naionja mwenyewe kwanza, nikiona haijanata mdomoni naongeza. Ukisema nimeshiba, nakwambia bado. Ulinenepa upesi. Wanawake walikuja kukubonyeza mashavu na kuniambia mie, si wewe, "Hongera, umelea." Nilikuwa natembea Temeke nzima kama mtu aliyejenga nyumba ya mawe.

Mwezi wa saba wa kukaa kwako ndani nikaona mstari shingoni, kwa nyuma, mwembamba, kama uzi uliopitishwa masizi. Nikaufuta kwa ncha ya kanga yangu. Wiki ya pili ukawa mpana. Kisha ukazunguka mpaka mbele, ngozi ikawa nene, laini ya ajabu ukiigusa, kama mahameli. Nilipoinua mkono wako kwapani nako kulikuwa vilevile. Nikasema, mtoto huyu haogi. Chumba kina giza, ndoo ya maji ni moja, anajimwagia tu anatoka.

Unakumbuka yaliyofuata kuliko ninavyokumbuka mie, kwa hiyo nayaandika si kwa kukukumbusha, bali ujue kwamba nayajua. Nilianza na dodoki. Halafu makumbi ya nazi. Halafu lile jiwe la kusugulia nyayo. Halafu jivu na limao. Kila nilipomaliza shingo ilikuwa imevimba na weusi uko palepale, na baada ya siku chache unazidi. Nikawa nakasirika. Sikukasirikia shingo, nilikukasirikia wewe. Nilimwambia jirani, ukisikia kupitia ukutani, kwamba Mungu kanipa mtoto mzuri ila mvivu wa maji.

Zikabaki siku mbili utoke. Shangazi yako akaja kukukagua. Alikuzungusha mara moja tu, akaniita uani. Aliniambia wifi, huyu anatoka Ijumaa na shingo hii, watu watasema humwogeshi, umemfuga kama mbuzi wa Idi. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Akaomba bafta, ile nguo nyeupe mpya niliyokununulia ya kushonea shimizi. Akachana kipande, akakilowesha maji ya sabuni, akakufuta nacho shingo nzima, mbele na nyuma, tena kwa nguvu. Kisha akakifunua mbele yangu mlangoni, kwenye mwanga.

Kilikuwa cheupe, Mwanaidi.

Kilikuwa cheupe kama kilivyotoka dukani. Mie nilikiona. Shangazi yako alikiona. Sisi ni wanawake watu wazima, tumefua nguo maisha yetu yote, tunajua uchafu ukifutwa huhama ukaja kwenye kitambaa. Hakuna asiyelijua hilo. Tukasimama pale na kile kitambaa cheupe, na shangazi yako akasema, "Unaona ulivyoganda? Hata hautoki." Na mie nikaitikia kwamba naona.

Akarudia kufuta. Mie nikakushika mikono. Ulisema, "Mama, leo nimeoga mara tatu." Hukupiga kelele, ulisema tu, kama mtu anayetoa hesabu. Mara ya nne au ya tano bafta ikatoka na rangi, na kabla sijaona ni rangi gani nilifurahi. Ilikuwa damu.

Usiku huo shangazi yako akaleta magadi. Mie ndiye niliyeyachanganya na limao na mie ndiye niliyeyapaka kwapani, kwa sababu shingo ilikuwa haiguswi tena. Kovu ulilonalo kwapa la kushoto ni mkono wangu. Si wa shangazi yako. Watu wakikuuliza huko bwenini, unaweza kusema chochote unachotaka, lakini wewe mwenyewe ujue.

Ijumaa ulitoka umefungwa kanga mpaka masikioni kwenye jua lile. Ngoma inalia, kanga ikateleza, na mwanamke mmoja wa mtaa wa pili akasema kwa sauti kwamba mwali wa leo kavaa kidani cha masizi. Watu wakacheka. Ulinitafuta kwa macho. Na mie nilikuwa nacheka, mwanangu. Nilicheka na wao ili wasinicheke mie. Nimezaa, nimezika, nimehama nyumba mara mbili, na bado sijafanya jambo baya kuliko lile.

Basi yule mwalimu wako wa zamani alipokuja kumwambia baba yako kwamba umepata nafasi shule ya bweni huko bara, mie nilikubali upesi kuliko wote, na mkadhani napenda masomo. Nayapenda. Lakini siku hiyo nilikuwa nawaza, aende mbali, wasimwone. Na ile karatasi ya shule iliyotaka sahihi ya daktari nilikaa nayo wiki mbili chini ya godoro, naogopa daktari ataona shingo atasema mama huyu mchafu.

Tulikwenda kwa yule daktari wa kike wa Kihindi, kwa sababu niliambiwa hana makelele. Nilidhani nitahitaji mtu wa kututafsiria. Kumbe amezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Alikupima kifua, macho, meno, akaandika. Aliposema shusha kanga, ulifunika shingo kwa mikono miwili, na mie nikaangalia dirishani. Akakutoa mikono polepole. Akainua mkono wa kushoto. Halafu akakuuliza wewe, si mie, nani amekuunguza hapa.

Ukamjibu, "Nilijikuna mwenyewe."

Sijui kama unajua lile jibu lilinifanya nini. Nilikaa kwenye kile kiti kama mtu aliyemwagiwa maji. Mtoto ambaye niliwaambia watu kwamba ni mvivu na mchafu alikuwa ananificha mie.

Daktari hakubishana nawe. Alichukua pamba, akaitia spiriti, akakupitishia shingoni taratibu, kisha akaninyooshea ile pamba. "Mama Mwanaidi," akasema, "uchafu uko wapi hapa?"

Pamba ilikuwa nyeupe. Nikaiona ile bafta. Niliiona kabisa mbele yangu, mkononi mwa wifi, mlangoni, ikiwa nyeupe vilevile. Miezi yote ile jibu nilikuwa nalo ndani ya nyumba yangu. Nililikunja nikaliweka kwenye kapu.

Ndipo akatueleza, na wewe ulikuwepo, ila sidhani ulisikia vizuri maana ulikuwa unalia. Alisema weusi ule si kitu kilichokaa juu ya ngozi. Ni ngozi yenyewe iliyokua nene. Hautoki kwa kusuguliwa, na ukisuguliwa, au ukichomwa na limao na magadi, ndipo ngozi inapojikinga, inazidi unene na weusi. Alisema mara nyingi humpata mtu aliyenenepa upesi, au mwenye damu ya nyumba yenye ugonjwa wa sukari, na akiwa na yote mawili ndiyo kabisa. Mwili una kazi ya kupokea sukari tunayokula, ukielemewa, kwa wengine ngozi ya shingoni na kwapani ndiyo hutangulia kusema. Akasema vitabu vyao bado vinabishana kwa nini iwe hivyo, lakini yeye ameiona kwa macho yake, na kwanza ameiona nyumbani kwao, kwa shangazi zake mwenyewe.

Ukajifuta uso. Ukamuuliza, "Kwa hiyo mie si mchafu?"

Akakwambia hukuwa mchafu hata siku moja.

Hilo ulilisikia, nalijua, kwa sababu ulinigeukia. Ulinitazama tu. Na mie nikaangalia tena dirishani.

Sasa naandika usilolijua. Unakumbuka alitupa vichupa tukaenda chooni, wewe na mie, ukasema kwa nini na mama. Kisha akakwambia ukangoje nje kwenye benchi. Ulipotoka akafunga mlango, akaniambia, "Na wewe sasa, shusha ushungi."

Nilimwambia mie sikuletwa hapa kwa ajili yangu. Akasema anajua, nishushe.

Unajua mie sivui ushungi hata jikoni. Ulikua ukidhani ni heshima. Ni heshima kidogo, na kwa sehemu kubwa ni shingo. Iko vilevile kama yako, tangu nilipobeba mimba ya mdogo wako. Nilipokuwa nakusugua wewe kwa makumbi, yangu ilikuwa imefunikwa. Na sikuwahi kujisugua mie hata siku moja kwa jiwe la nyayo. Nilijua inauma.

Akawasha taa ya spiriti. Alikuwa na vijibomba viwili vya kioo, kila kimoja kina maji ya buluu mazuri kama ya kufulia mashati. Akatia matone ya mkojo wako kwenye kimoja, akakichemsha. Kikabaki buluu, maana yake mkojo hauna sukari. Akasema mtoto salama, ila asiendelee na maisha yale ya ndani. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Akachukua cha pili, changu. Kikaanza kijani. Kikawa manjano. Nikadhani kitaishia hapo. Kikaendelea mpaka kikawa rangi ya tofali la kuchoma, zito, limetuama chini.

Nilimwambia labda amechanganya vichupa. Hakukasirika, akarudia mbele yangu. Tofali tena.

Akaniuliza kama nakunywa maji sana usiku. Nanyonyesha, nikamwambia, nani anayenyonyesha asinywe. Kama nachoka. Nikacheka. Halafu akaniuliza kitu ambacho kilinitoa roho. Aliniuliza kama nimewahi kuona sisimizi wakijaa mahali ninapokojoa.

Mie siangalii huko. Lakini mama yangu, bibi yako ambaye hukumwona, choo chake kilikuwa na sisimizi. Walikuwa na njia yao wenyewe, mstari mweusi kutoka ukutani mpaka shimoni, na kila tulipomwaga majivu walirudi. Watu walisema ni uchawi, kuna mtu kamtupia. Tukaita mganga, akachimba, akatoa kitu kwenye kitambaa chekundu, na sisimizi wakaendelea kuja. Mguu wake ulipata kidonda kidogo cha kukanyaga kigae. Hakikupona. Kilikula kidole, kikala wayo, akafa hajazeeka, ana umri ambao mie naukaribia. Na shingo yake, Mwanaidi, ilikuwa nyeusi hivihivi. Nilikuwa na umri kama wako tulipokwenda naye arusini nikamwambia, mama, funika shingo, au mie nikae mbali na wewe. Akafunika. Nikakaa mbali naye hata hivyo.

Nilimweleza daktari yote hayo, naye akaweka kalamu chini. Akasema, basi si uchawi, ni sukari, na nyumba ni moja. Bibi, mama, mtoto. Bibi alikwenda hajui. Mama amejua leo. Mtoto amejua mapema kuliko wote, na hiyo ndiyo bahati yenu, kama mtaitumia.

Nikamwomba asikwambie habari zangu. Nilisema akijua mama yake mgonjwa hatakwenda shule, atang'ang'ania kubaki kunichotea maji, namjua mwanangu. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akachukua karatasi yako, kalamu ikiwa juu yake, akasema, "Nitatia sahihi. Lakini mtoto huyu asipande gari moshi bila kujua. Na utakayemwambia ni wewe, si mimi." Akatia sahihi. Nikaichukua ile karatasi kwa mikono miwili, nikatoka, ukaniuliza, mama, mbona husemi kitu.

Sasa nimesema. Unapanda ukiwa unajua, au tuseme umejua baada ya kituo cha kwanza, na daktari anisamehe kwa hapo. Usirudi. Kama mguu wako mmoja tayari umenyanyuka kutaka kushuka, uuteremshe, ukae. Mie siumwi kitandani. Nakunywa chai bila sukari, mbaya kama maji ya kuoshea sufuria, lakini inanywewa. Vitumbua nakaanga ila sivionji, namwita jirani anionjee, na anasema vimepungua utamu kwa sababu ya roho yangu mbaya. Kila jioni nambeba mdogo wako natembea kwa miguu mpaka Mtoni na kurudi, maana nimeambiwa nitembee. Shangazi yako akinikuta njiani hucheka, "Wifi, umeajiriwa utarishi?" Daktari nitakwenda kumwona kila mwezi, na ameniambia mambo ya dawa tutayafikia hatua kwa hatua, kwanza tuone chakula kitafanya nini.

Shangazi yako nilimwonyesha ile bafta. Niliitoa kapuni juzi. Nilimwekea mapajani. Aliigeuza geuza, upande mweupe, upande wenye doa, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, palepale aliposimama siku ile. Akakaa chini. Akasema, "Mbona hatukuona?" Nadhani tulikuwa tumeshajua tunachotaka kuona. Usimchukie. Alinipa magadi, lakini asingekuwa na pa kuyapaka kama mie ningesema mwacheni mwanangu.

Wewe una umri ule ambao watu hukuambia kitu kuhusu mwili wako na ukaamini kwa sababu wamekisema kwa uhakika. Mie nilikuwa na uhakika. Kuwa na uhakika ni kitu rahisi sana, hata mtu mjinga anaweza. Atakapokuja mtu huko bwenini akasema una kidani cha masizi, na atakuja, wasichana ni walewale kila mahali, usikimbilie jiwe. Mpe kitambaa cheupe afute mwenyewe.

Na asije mtu akakuuzia dawa ya kung'arisha. Daktari alisema dawa ya ngozi hii iko sahanini na miguuni. Mwili ukipungua kwa kula vizuri na kutembea, ngozi hurudi polepole, hesabu miezi, si siku, na pengine isirudi yote. Oga kwa sabuni laini na kiganja chako. Paka mafuta kidogo pale panapokauka. Nywele za kwapani kata kwa mkasi mpaka kovu lipoe kabisa, wembe uache. Blauzi zako nimezifumua mikono na kuzipanua, ndiyo maana umenikuta na sindano wiki hii yote. Nguo inayobana na kusugua inaongeza. Jambo moja jingine alinieleza nikupe, maana utakuwa mtu mwenye kusoma na watu watakuuliza: ukimwona mtu mzima, hajanenepa, tena anakonda, na weusi huu umemtokea ghafla, huyo aende hospitali kubwa upesi, kwake unaweza kuwa unatangaza ugonjwa mwingine wa ndani.

Chakula cha huko sikijui. Wakigawa sukari, gawia wenzako, utapendwa. Najua nakuambia hivi mie niliyekulazimisha vijiko vitatu. Uji ule, mwanangu, nilikuwa nalisha yule msichana wa miaka kumi na sita wakati wa vita. Wewe ulikuwa umeshiba. Ulisema umeshiba, na ulikuwa unasema kweli, kama ulivyosema kweli kwamba umeoga. Nimekaa nafikiri hivi sasa kwamba katika mambo yote haya mtu aliyekuwa akisema kweli ndani ya nyumba alikuwa mmoja, na ndiye hatukumsikiliza.

Ulidanganya mara moja tu, kwa daktari. Uongo ule nimeubeba. Usiubebe tena kwa ajili yangu. Akikuuliza muuguzi wa shule nani alikuunguza, sema mama, hakujua.

Mdogo wako ameamka, anavuta sikio langu. Nasikia na watu wanatoka swala ya alasiri, mtakuwa mmeanza kurudi. Sikuombi uniandikie kwamba umenisamehe. Hilo usiliandike, hata likiwepo, litakufanya uandike mengine kwa kunihurumia. Ninavyovihitaji ni hivi hapa chini tu, na hivi unitumie kweli.

Ni mie mama yako, niliyekushika mikono.

Unitumie uzi. Kila mwezi muuguzi akikupima mkojo, maana daktari ameandika hivyo kwenye karatasi yako, jizungushie kiunoni uzi mweusi, ukate pale unapokutana, uutie kwenye barua. Usiuvute ili upungue.

Unitumie jina la muuguzi wa hapo shuleni, na rangi ya yale maji akishayachemsha, kama yalivyogeuka, hata yakiwa tofali.

Habari za sisimizi, ndiyo au hapana.

Akitokea mtu mwaminifu anakuja Dar, kibaba cha ulezi, daktari ameniruhusu uji wake na huku hauonekani. Usiuchanganye na kitu, hata sukari.

Na bafta. Nimeikata vipande viwili. Chenye damu nimebaki nacho. Cheupe kimo humu ndani ya karatasi. Ukifika, kiloweshe maji matupu, ujifute shingo mwenyewe, polepole, mtu asikusaidie. Usikifue. Kikunje kama kilivyo, unitumie.